Kujipodoa bila kujichubua: elimu ya vipodozi mtaani Baba Dogo

BABA DOGO ni mtaa wa viwanda na makazi ulioko kaskazini mashariki mwa jiji la Nairobi, katika eneo bunge la Ruaraka, jirani na Lucky Summer na Korogocho. Alfajiri wanaume kwa wanawake huelekea kwenye malango ya viwanda kutafuta kibarua, na kandokando ya barabara inayobeba jina la mtaa huo hupangana maduka ya mabati, vibanda vya mboga, vinyozi na saluni. Ni katika saluni hizo ambapo wasichana wengi hupata mafunzo yao ya kwanza ya kazi: kusuka, kutengeneza nyusi, kupaka rangi ya kucha na hatimaye kupodoa uso mzima wa bi harusi.

Taaluma hii ya mwisho huchukuliwa na wengi kuwa jambo la mzaha, kana kwamba ni upuuzi wa wasichana wasio na kazi. Hiyo ni dhana potovu. Rafu moja ya duka la vipodozi huweza kubeba kopo la poda inayoivika ngozi na, kando yake, kopo la krimu inayoiharibu ngozi hiyo hiyo, na aghalabu muuzaji huwa mmoja. Anayejifunza ufundi huu, kabla hajajua kushika brashi, sharti ajue tofauti ya makopo hayo mawili, kwa kuwa kesho yeye ndiye atakayeulizwa na wateja wake kipi cha kununua.

Ngozi kwanza, rangi baadaye

Mwalimu hodari wa vipodozi haanzi na rangi. Humwamuru mwanafunzi anawe uso kwa sabuni isiyo kali, asijipake chochote kwa nusu saa, kisha humketisha karibu na mlango palipo na mwanga wa jua na kumpa kioo. Ngozi inayong'aa kwenye paji la uso na puani ni ya mafuta. Inayojikaza mashavuni ni kavu. Na wengi wetu tuna zote mbili katika uso mmoja. Ajuaye hayo hatanunua mafuta mazito kwa sababu tu jirani yake anayatumia.

Katika kioo hicho mwanafunzi hugundua jambo jingine ambalo huwashangaza wengi, nalo ni kwamba uso wake hauna rangi moja. Paji la uso huwa jeusi kuliko mashavu, pembe za mdomo na sehemu ya chini ya macho huwa nyeusi zaidi, na mdomo wa juu aghalabu hukoza kuliko wa chini. Hayo si madoa wala si maradhi. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu. Idadi ya seli hizo haitofautiani sana baina ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini zinazotengeneza. Melanini ni ngao dhidi ya miale mikali ya jua, na katika jiji lililo karibu na Ikweta, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ngao hiyo ina kazi nyingi kila adhuhuri. Inapotanda zaidi mahali pamoja kuliko pengine, hilo ni umbile la kawaida.

Msichana ambaye hakuelezwa haya huamini kwamba uso wake una kasoro inayohitaji dawa. Aliyeelezwa hutafuta tu rangi zinazolingana.

Kulinganisha huko ndiko kiini cha ufundi wote. Faundesheni, yaani ile rangi ya msingi inayopakwa uso mzima, haijaribiwi mgongoni mwa kiganja kama wengi wanavyofanya dukani. Kiganja hakina rangi ya uso. Huchorwa mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka taya kuelekea shingoni, kisha mhusika hutoka nje, kwenye mwanga wa mchana, na kungoja dakika kumi, kwa maana faundesheni nyingi hukoza zikishapigwa na hewa na kuchanganyika na mafuta ya ngozi. Mstari unaotoweka ndio unaofaa. Taa za dukani hudanganya, na taa za saluni yenye balbu ya manjano hudanganya zaidi.

Weusi nao una aina zake. Wapo weusi ambao chini yake mna uwekundu, wapo wenye umanjano kama wa dhahabu, na wapo walio katikati. Watu wawili wanaoonekana kuwa na weusi sawa wanaweza kuhitaji makopo mawili tofauti kabisa. Mafunzo ya ng'ambo humwelekeza mtu atazame rangi ya mishipa ya mkononi ili ajue aina yake, lakini katika ngozi iliyokoza mishipa hiyo haionekani vyema, na kipimo hicho hakina faida kubwa Baba Dogo. Njia ya mistari mitatu ndiyo ya kutegemewa.

Kosa linaloonekana kila Jumamosi ya harusi ni uso wa manjano juu ya shingo nyeusi. La pili ni uso wa majivu. Majivu hayo hutokana na poda zilizosheheni titani dioksidi, unga mweupe ambao katika ngozi nyeupe huonekana kama nuru lakini katika ngozi nyeusi huwa kijivu. Unga huo, sawa na ule wa silika unaosifiwa kwa kulainisha uso, huakisi mwanga wa kamera. Bi harusi aliyependeza kanisani hushtuka anapoona picha zake za usiku zikiwa na uso mweupe kama wa mtu aliyemwagikiwa na unga wa ngano. Fundi mwangalifu hupiga picha moja ya majaribio kwa taa ya simu kabla ya kumwachilia mteja.

Weusi wa chini ya macho haufunikwi kwa rangi nyeupe, kwa sababu matokeo yake ni kijivu kile kile. Hupakwa kwanza rangi ya chungwa, kidogo mno, na kwa ngozi iliyokoza sana rangi inayokaribia nyekundu. Rangi hiyo huua ubluu uliomo katika weusi huo, kisha juu yake huwekwa rangi ya ngozi. Sponji hulowanishwa na kukamuliwa kabla ya kutumiwa, na rangi hugongwagongwa polepole bila kusuguliwa, ikashushwa hadi shingoni na kufikishwa masikioni. Nyusi huchorwa kwa vistari vyembamba mithili ya nywele, kwa kahawia iliyokoza badala ya nyeusi tii, maana penseli nyeusi huufanya uso uonekane wa mtu aliyekasirika. Mdomo wenye rangi mbili huzungushiwa kwanza penseli ya kahawia ndipo upakwe lipstiki. Rangi nyekundu, ambayo wengi huambiwa haiwafai weusi, huwapendeza mno ikiwa imeegemea upande wa damu ya mzee au zambarau.

Rafu zilipokuwa hazina rangi zetu

Si haki kuwalaumu mafundi wa zamani kwa nyuso za majivu. Kwa miaka mingi vipodozi vilivyofika Nairobi vilitengenezwa kwa kuzingatia ngozi za Wazungu, na mwanamke mweusi alilazimika kuchagua baina ya rangi mbili au tatu zisizomfaa, au kuchanganya mwenyewe.

Suzie Wokabi, Mkenya aliyejifunza na kufanya kazi ya vipodozi Marekani kabla ya kurejea nyumbani, ni miongoni mwa waliojaribu kuziba pengo hilo humu nchini. Bidhaa zake za SuzieBeauty ziliingia sokoni mwaka 2011, na mwaka 2016 kampuni ya Flame Tree ikainunua biashara hiyo. Nelly Tuikong naye alianzisha Pauline Cosmetics, akiwalenga wanawake wa Afrika wa kipato cha wastani. Kwa upande wa mafuta na losheni, Paul Kinuthia alianzisha Interconsumer Products jijini Nairobi mwaka 1995 kwa mtaji mdogo sana, na bidhaa zake za Nice & Lovely zikaenea hadi vijijini; mwaka 2013 kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ikanunua kitengo chake cha urembo. Jitu hilo la Paris lilivutwa Nairobi na losheni iliyokuwa ikinunuliwa na mama mboga.

Ulimwengu uligutuka Septemba 2017, wakati mwanamuziki Rihanna alipozindua Fenty Beauty yenye rangi 40 za faundesheni. Kampuni kubwa zilizokuwa zikidai kwamba rangi za weusi hazina wanunuzi zilianza kuongeza zao. Fenty ilifika rasmi Kenya na nchi nyingine saba za Afrika mwezi Mei 2022, ingawa bei yake ni ya madukani Westlands, wala si ya mtu anayelipwa kwa siku. Fundi wa Baba Dogo hununua kwa jumla katikati ya jiji, hasa katika maduka yaliyosongamana ya barabara ya Dubois na vichochoro vya River Road, na huko huchagua kopo tatu au nne ambazo akizichanganya kwa ustadi hupata rangi za wateja wake wote.

Maduka hayo pia huuza bidhaa ghushi zenye majina makubwa. Kopo lisilo na orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi au anwani ya mtengenezaji halifai kupakwa usoni, hata likiwa na nembo ya kupendeza namna gani. Bidhaa zinazotengenezwa nchini hustahili kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na nambari ya kibali iliyoandikwa chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023.

Safari ya mkorogo huanzia kwenye chunusi

Inasemekana mara kwa mara kwamba wanaojichubua wanataka kuwa Wazungu. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Msichana wa kawaida huanza na chunusi. Katika ngozi nyeusi, chunusi ikipona huacha alama nyeusi, kwa sababu seli za melanini hushtushwa na uvimbe na kutengeneza rangi kupita kiasi. Ikitumbuliwa kwa kucha, alama hukoza zaidi. Huweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kufifia yenyewe, na miezi kadhaa ni muda mrefu kwa mtu wa miaka 17. Hapo ndipo shoga yake au muuzaji humpa krimu "ya kutoa madoa".

Krimu hiyo hufanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo. Baada ya wiki chache alama hutoweka, na ngozi iliyoizunguka hung'aa. Msichana husifiwa. Akiacha kuipaka, weusi hurudi kwa kasi kuliko awali, naye huirudia, safari hii uso mzima, kisha mikono. Viungo vya vidole havikubali, navyo hubaki vyeusi na kumsaliti.

Viambato vinavyoogopwa ni vitatu. Cha kwanza ni haidrokwinoni, ambayo huzuia utengenezaji wa melanini. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi mashavuni, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza hali hiyo miaka ya 1970, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Cha pili ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo na neva, na huweza kumfikia mtoto tumboni. Cha tatu ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa halali ya maradhi ya ngozi ambayo ikigeuzwa kuwa kipodozi hufanya ngozi iwe nyembamba, ichanike michirizi, iote nywele na chunusi nyingine, hata jua la asubuhi liiunguze. Wauzaji wengine huvichanganya pamoja katika kopo lisilo na jina. Huo ndio mkorogo.

Viwango vya KEBS haviruhusu zebaki, haidrokwinoni wala steroidi katika vipodozi. Mwaka 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka haidrokwinoni ipigwe marufuku katika vipodozi kote katika jumuiya. Nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha vipodozi vyote vyenye sumu hiyo ifikapo 2025. Sheria basi zipo. Kopo nalo lingali katika rafu, wakati mwingine likiwa limefichwa chini ya meza na kutolewa kwa mteja anayejulikana.

Mtu aliyekwisha kuanza hapaswi kuaibishwa. Iwapo krimu yake ina steroidi, kuiacha ghafla huweza kumletea uvimbe na mwasho mkali, na ni heri amwone daktari, aende na kopo lenyewe mkononi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi, na vituo vya afya vya kaunti huweza kutoa rufaa. Daktari anaweza hata kuagiza haidrokwinoni kwa kipimo na muda maalumu. Hilo si sawa na kuinunua kichochoroni.

Kwa alama za chunusi, tiba ya bei nafuu ni subira, kuacha kutumbua na kujikinga na jua kwa losheni au kofia. Kwa siku ya harusi ipo ile rangi ya kufunika ambayo usiku huoshwa ikaisha.

Mjadala mkongwe

Suala la uso na heshima ya Mwafrika halikuanza na simu za mkononi. Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House la hapa Nairobi lilichapisha utenzi wa Okot p'Bitek wa Uganda, Song of Lawino, ambamo mke wa kijijini anamkejeli mpenzi wa mumewe kwa poda na midomo yake myekundu. Miaka miwili baadaye Umoja wa Vijana wa TANU nchini Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana, uliopiga vita sketi fupi, wigi na krimu za kujichubua kwa pamoja.

Kwa maoni yetu, hapo palikuwa na mkanganyiko ambao ungali nasi. Lipstiki na mkorogo viliwekwa katika kapu moja, na mwanamke akahukumiwa kwa vyote viwili, tena na wanaume waliokuwa wakinyoa ndevu kila asubuhi. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja walijipamba karne nyingi kwa wanja, hina, liwa na dalia, na bi harusi akasingwa kwa maua na viungo vya kunukia bila mtu kumwambia kwamba ameukana Uafrika wake. Kujiremba ni asili. Kilicho kigeni ni kuambiwa kwamba kinachorembwa ni kibovu.

Lupita Nyong'o alilieleza hilo kwa uwazi mwezi Februari 2014 huko Hollywood, siku chache kabla ya kutunukiwa Oscar. Alisimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu, utotoni, aamke akiwa mweupe, na jinsi kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa kulivyomfungua macho. Mwaka huo huo kampuni ya Lancôme ilimteua kuwa sura ya vipodozi vyake. Mwaka 2019 alichapisha kitabu cha watoto, Sulwe, neno lenye maana ya nyota kwa Kijaluo. Kabla yake Ajuma Nasenyana, mwanamitindo kutoka Turkana, alikuwa akipaza sauti hadharani dhidi ya krimu za kujichubua.

Mfano unaotugusa zaidi ulitokea Nairobi Oktoba 2016, wakati chama cha watu wenye ualbino nchini kilipoandaa shindano la kwanza la urembo na utanashati la Bwana na Bibi Ualbino Kenya. Walipanda jukwaani watu ambao ngozi yao haina ile ngao ya melanini kabisa au inayo kidogo, wakapodolewa kwa rangi zao wenyewe. Fundi yeyote anayejifunza anapaswa kujua kwamba kwa mteja mwenye ualbino losheni ya kukinga jua hutangulia kila kitu, na kwamba Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuitoa bila malipo.

Usafi na riziki

Vitu vya asili navyo vina tahadhari zake. Wanja wa kusaga wa aina fulani huwa na madini ya risasi, na haufai kupakwa watoto wachanga. Piko, ile "hina nyeusi" ya mikononi, mara nyingi ni rangi ya nywele iliyochanganywa na maji; huweza kuchoma na kuacha malengelenge. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio na kungoja siku mbili.

Brashi huoshwa kwa sabuni na kuanikwa zikiwa zimelala, ili maji yasiingie katika gundi ya mpini. Kope za bandia na brashi ya maskara hazitumiwi kwa watu wawili. Wino wa maskara hutupwa baada ya miezi mitatu hivi, kwani chupa yake ni makao ya vijidudu vya macho. Lipstiki hukwanguliwa kwa kijiti safi, haipitishwi mdomo kwa mdomo. Najua kwamba maji ya mfereji Eastlands huja kwa zamu, na kwamba mtungi wa lita 20 una kazi nyingine nyumbani. Hata hivyo kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu na kitambaa safi hutosha kuondoa vipodozi kabla ya kulala, na asiyeviondoa hujipalilia chunusi zile zile anazozificha.

Riziki katika kazi hii hufuata kalenda: harusi, mahafali, na kwa Wakikuyu hafla za ruracio, ambapo siku hizi bi harusi huja na fundi wake wa uso pamoja na wa kilemba. Wengi hujifunza kwa kukaa kando ya fundi na kutazama video katika simu, jambo lisilo na ubaya iwapo mtazamaji anakumbuka kwamba taa ya mduara iliyo mbele ya yule mrembo imefuta nusu ya kasoro zake. Anayetaka cheti hupimwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo hutahini ufundi huu kwa gredi, kuanzia ya tatu kupanda hadi ya kwanza, kwa vitendo na kwa maandishi. Mtihani huo uko wazi hata kwa aliyejifunzia katika kibanda cha mabati bila kupitia chuo.

Katika vitendo, mtahiniwa huja na mtu wa kupodolewa. Ni busara kumchagua mwenye rangi tofauti na yake, na wiki moja kabla ya siku hiyo kumchorea mistari mitatu tayani na kutoka naye nje juani.